Picha ya Ukurasa wa Kwanza

Watu wengi hudhani kuhuisha tovuti ni kubadilisha rangi. Wanakuja, wanakunja mikono, wanasema, "Sekela, tuwekee kitu cha kisasa," kana kwamba kisasa kinauzwa kwa kilo pale soko la Mwanjelwa. Mimi huwauliza swali moja tu: kampuni yenu imebadilika nini? Hapo wengi hupata kigugumizi. Haijabadilika kitu, ila bosi ameichoka ile kijani.

Kampuni ya Tega Sikio ilikuwa imebadilika kweli. Jana yake ilikuwa mali ya familia ya Mzee Lusubilo Mwangomo. Siku niliyofika na kompyuta yangu begani ilikuwa mali ya ushirika wa wafanyakazi, kuanzia mafundi wa maabara hadi mama anayepika ugali wa mchana. Nembo mpya ilishachorwa, magari yalishapigwa rangi, na harufu ya pilau ilikuwa imejaa korido nzima. Kilichobaki kilikuwa ukurasa wa kwanza wa tovuti, na ukurasa wa kwanza siku hizi si mchezo.

Maana Msomaji hupita kila jioni. Jua likianza kuzama, mashine hiyo ya serikali hufungua ukurasa wa kwanza wa kila kampuni nchini na kuusoma neno kwa neno, na kila inachokisoma huhesabika kuwa kiapo. Nilishamwona mwoka mikate wa Iyunga akifungiwa duka kwa kuandika kwamba mikate yake ni laini kuliko yote Mbeya. Mashine ilikwenda kuulizia mikate ya wenzake. Tangu hapo mimi na maneno ya sifa hatupikiki chungu kimoja.

Ukurasa wa Tega Sikio, miaka yote, ulifunguka na picha moja. Mzee Mwangomo, suti ya kijivu, kidevu juu, ameshika punje kati ya vidole viwili kama mtu anayetafuta pa kuipanda. Chini, ndani ya picha yenyewe, herufi za dhahabu: MVUMBUZI NA BABA WA PUNJE.

Punje ni kile kidude kidogo kama mbegu ya ulezi kinachopandikizwa nyuma ya sikio, asiyesikia akasikia. Na Mzee Mwangomo hakuivumbua. Iliundwa na watu wawili waliokuwa wakifanya kazi chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo ya mbolea: fundi Gwamaka, ambaye sasa ni marehemu, na mama yangu, Tusekile.

Mama alikuja kushuhudia. Alivaa kitenge alichokuwa amekitunza kwa ajili ya harusi yangu. Alisema harusi yenyewe haionekani kwenye upeo wa macho, na nondo hawasubiri. Wakamweka kiti cha mbele, karibu na meza yangu, na wafanyakazi wakajaa hadi mlangoni.

"Haya, Sekela," akasema Bi. Kokubanza, mwenyekiti wa ushirika, mwanamke wa Bukoba mwenye sauti ya kuita watu walio ng'ambo ya ziwa. "Mtoe huyo babu, mweke mama yako."

"Nijaribu kwanza," nikasema. "Naibadilisha kidogo, tunaona kama imekaa, ndipo tunaiacha moja kwa moja."

Picha mpya ilikuwa ya zamani kuliko ile ya Mzee. Mama na Gwamaka wamesimama mbele ya stoo, vijana, nguo zimewapwaya, Gwamaka ana waya mdomoni na Mama anacheka kitu kilichokuwa nje ya picha. Nilikuwa nimeisafisha kwa mikono yangu wiki nzima. Nikabofya.

Mzee Mwangomo akatoweka ukutani, ukurasa ulikokuwa ukimulikwa. Mama na Gwamaka wakaujaza ukuta wote. Watu wakapiga makofi, mama wa jikoni akapiga kigelegele, na mimi, ambaye huwa silii kazini, nikalia.

Nikamgeukia Mama. Alikuwa anatabasamu. Kisha tabasamu likabaki mdomoni peke yake, macho yakaanza kuhangaika. Aliangalia mikono ya watu inavyokutana na kuachana. Akapeleka kiganja nyuma ya sikio.

"Mama?"

Hakugeuka.

"Mama!"

Aligeuka kwa sababu aliona watu wananitazama. "Rudisha," akasema kwa sauti kubwa mno, sauti ya mtu asiyeisikia sauti yake. "Rudisha picha ya Mzee! Sekela, rudisha upesi! Gwamaka, mwanaume wewe, tumefanya nini!"

Nikairudisha. Makofi yalikuwa yameshakufa, kwa hiyo kitu cha kwanza alichokisikia Mama ni simu za ofisi, zote, zikilia kwa pamoja. Moja ilitoka Vwawa: mwalimu alikuwa akiimbisha darasa na darasa likazimika. Nyingine ilitoka Chunya, kwa mwanamke aliyemwona mwanawe mchanga akifungua mdomo kulia na hakikutoka kitu. Bi. Kokubanza alikuwa akipokea na kuomba radhi bila kujua anaombea nini.

*

Tulijifungia chumba cha mikutano, sisi watatu. Mama alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kitenge.

"Punje za kwanza hazikuwa na kumbukumbu," akaanza. "Zilikuwa ndogo mno, hapakuwa na nafasi. Na ubongo wa mtu hautulii, unahitaji kurekebishiwa sauti kila mara. Kwa hiyo kila mwenye punje alikuwa na vipimo vyake, na vipimo lazima vikae mahali ambapo punje inaweza kuvichungulia wakati wowote. Tukamwomba Mzee atulipie hifadhi. Akasema tunamfilisi."

"Mkafanyaje?" akauliza Bi. Kokubanza.

"Kulikuwa na kitu kimoja ambacho Mzee alikilipia bila kunung'unika. Tovuti. Kwa sababu ilikuwa na picha yake."

Nikaanza kuelewa, na nilitamani nisielewe.

"Picha ni nukta," Mama akaendelea. "Nukta ukiigeuza rangi kidogo tu, jicho halioni. Gwamaka akavifuma vipimo vya watu wote humo, kwenye suti, kwenye kidevu, kwenye zile herufi za dhahabu. Na kila mteja mpya alipokuja, tovuti ikamfuma yenyewe. Mimi nikauliza, je, akija fundi mwingine akabadilisha jina la picha? Gwamaka akasema tusiifundishe punje jina. Tuifundishe kuchukua picha ya kwanza ya ukurasa wa kwanza. Akaniambia, 'Tuse, kampuni hii mashine zitauzwa, mimi na wewe tutafukuzwa, lakini nani atathubutu kushusha picha ya Mzee?'"

Bi. Kokubanza akafunika uso kwa mikono. Sikujua kama analia au anacheka, na nadhani hata yeye hakujua. Sote tumefanya kazi kwenye ofisi za aina hiyo. Ukuta ukipakwa rangi, kalenda zinatupwa, meza zinaburutwa, lakini picha ya bosi inashushwa kwa mikono miwili na kurudishwa kabla rangi haijakauka. Mafundi wawili wenye akili walitafuta kitu kisichobadilika duniani, wakakipata pale.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Punje mpya zilipotoka, zenye kumbukumbu yake, nilidhani wa zamani walishabadilishiwa wote. Nilistaafu nikiamini hivyo. Mimi nilibaki na yangu kwa ubishi tu. Hii niliitengeneza kwa mkono wangu."

"Basi hamishia vipimo kwenye picha yenu."

"Gwamaka alivifuma kwa kufuata mwanga na kivuli cha uso ule ule. Ufunguo ulikuwa kichwani kwake, na kichwa tulikizika Kyela."

Nikajaribu njia zangu zote za kifundi, na kila moja niliiua mwenyewe kabla haijatoka mdomoni. Nikionyesha punje ukurasa mmoja na watu ukurasa mwingine, Msomaji itatufungia. Sheria inasema kinachoonwa na mashine lazima kionwe na mtu. Nikiipunguza picha iwe kama kichwa cha sindano, huko nako ni kuficha. Lazima iwe ya kwanza, na isomeke.

Bi. Kokubanza akaweka mambo mezani. Usajili wa ushirika ulikuwa umeshapelekwa pamoja na historia ya kweli, ushahidi wa Mama ukiwa ndani yake. Jioni Msomaji itakuta viapo viwili vinagombana: cha usajili kinasema Tusekile na Gwamaka, cha picha kinasema Mwangomo. Kiapo cha picha kilikuwa cha Mzee, na kiapo kikingali ukurasani hakifutwi ila na aliyekila.

"Tukiiacha," akasema, "tunafungiwa leo. Ukurasa unagandishwa kama ulivyo. Wazee wetu wataendelea kusikia, lakini hatutauza wala kutengeneza kitu, na wale watu wote walioko korido wataondoka na sahani za pilau waende zao. Tukiiondoa, kampuni inabaki, na kesho tunaanza kuwatengenezea wa zamani punje mpya. Ila mpaka tuwafikie wote huko waliko, masika yatakuwa yamekuja na kuondoka."

"Ondoa," akasema Mama.

"Mama."

"Nimesema ondoa! Nimekaa chini ya dhahabu ya yule mtu maisha yangu yote. Gwamaka amekufa chini yake. Nitakaa bila kusikia hadi punje mpya ije, kwani nitakufa? Nilizaliwa hivyo."

"Masikio yako ni yako, Mama. Ya yule wa Chunya si yako."

Hajawahi kunipiga kofi tangu nikiwa mtoto, lakini nilimwona akilitafuta. Kisha akageuza uso akaangalia dirishani, na nilijua nimemwumiza pale penyewe. Nilimpenda na nilimhurumia, na bado sikuwa tayari kurudisha neno langu.

"Kuna mtu mmoja anayeweza kukifuta kile kiapo na picha ikabaki," nikasema.

"Kwa yule siendi," akasema Mama, akiliambia dirisha.

*

Alikwenda. Alisema anakwenda kuangalia milima, na kwamba gari likifika hatashuka. Tukapanda kuelekea Tukuyu, gari likijiendesha na kutuomba tufunge mikanda kwa Kiswahili cha redio, ukungu ukiwa umekaa Rungwe tangu asubuhi. Njia nzima Mama alizungumza na gari tu.

Mzee Mwangomo tulimkuta shambani kwake, kabuti na viatu vya mpira, akipanga maparachichi kwenye kreti. Nilizoea kidevu cha pichani, nikamtafuta mtu mrefu. Alikuwa mfupi, na kila tunda aliliweka chini kwa mikono miwili, kama yai.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ni wa Tusekile. Paji hilo la uso halina duka." Akanipangusia kreti nikae. "Umenikuta sina raha. Leo asubuhi, mwanangu, nilikuwa hapa hapa nasikiliza redio, ikazimika. Nikadhani betri. Kisha nikamwona jogoo anafungua domo, kimya. Nikakaa chini kwenye majani ya migomba. Nikasema basi, ndiyo imefika." Akagusa nyuma ya sikio. "Halafu ikarudi. Nimekunywa chai kwa hofu tangu hapo."

Sikuwa nikijua kwamba naye anavaa. Na tena ya zamani, ile ile.

Hapo shetani alinipitia, sitaficha. Sentensi moja ingetosha. Mzee, saini hapa au jogoo wako hatawika tena. Angesaini kwa mikono yote miwili, nami ningerudi mjini kabla pilau haijapoa. Lakini nilimwona alivyokuwa akiligusa lile sikio, kwa uangalifu ule ule aliokuwa nao Mama asubuhi, na nikaona kwamba kama ni kumtisha mtu kwa sikio lake, basi tovuti yangu mpya nzuri ingekuwa imeanza kwa uongo mwingine, wa kwangu.

Nikamweleza yote. Nilimweleza kuhusu stoo, nukta, ufumaji wa Gwamaka, simu ya Chunya na Msomaji wa jioni. Alisikiliza akiwa ameshika parachichi moja muda wote.

"Kwa hiyo aliyenizima asubuhi ni wewe."

"Ni mimi, Mzee. Nisamehe. Na sitarudia. Ufunguo wa ukurasa ninao mimi hadi kesho, na picha sitaiondoa, useme ndiyo au useme hapana. Siwezi kuwazima watu."

"Ngoja nielewe." Akalegeza kola ya kabuti. "Nikinyamaza, picha inabaki."

"Inabaki."

"Na maandishi yake."

"Na maandishi yake."

"Na nyinyi?"

"Sisi tunafungiwa."

Akaligeuza parachichi mkononi, na mimi nikajilaumu kwa kumkabidhi mtu kisu kwa upande wa mpini. Msomaji ingefungua kurasa za Mbeya jua likielekea milimani, na jua lilikuwa limeshaanza kulegea.

"Kitu kimoja sikielewi," akasema hatimaye. "Picha zilikuwa nyingi. Kulikuwa na ya jengo. Kulikuwa na ile ya maonyesho ya Nane Nane. Kwa nini yangu?"

"Kwa sababu tulikujua."

Mama alikuwa amesimama nyuma yetu. Kitenge cha harusi kilikuwa kimelowa umande hadi magotini.

"Tulikujua, Mwangomo. Tulitafuta kitu ambacho hutakubali kishuke hata nyumba ikiungua. Hatukutafuta sana."

Mzee alimtazama. Midomo ikaanza kumcheza, nikadhani ni hasira. Kisha akacheka. Alicheka hadi parachichi likamtoka mkononi, akacheka hadi akashika mgomba, machozi yakamtiririka na akayaacha.

"Na mimi nilikuwa nikiingia kila siku kuiangalia!" akasema akihema. "Tangu nistaafu! Najiambia, hawanipigii simu, hawaji, hata salamu, lakini tazama, picha hawaishushi. Wananiheshimu. Kumbe mimi kabati! Tusekile, mmenifanya kabati!"

"Kabati la dhahabu," akasema Mama. Hakucheka. "Gwamaka ulimfanya nini?"

Kicheko kikakatika.

"Ulisimama kaburini kwake Kyela," Mama akasema, na sauti yake ilikuwa imeanza kukatika pia. "Mkewe amekaa pale. Watoto wake pale. Ukasema tumempoteza msaidizi wangu mwaminifu. Msaidizi! Mtu aliyekupa kila ulichonacho."

Mzee Mwangomo akaketi kwenye kreti, juu ya maparachichi yake mwenyewe. "Nililijua lile neno," akasema. "Nililiona linakuja mdomoni, nikaliacha litoke. Nilikuwa nimelizoea. Nimewahi kuamka usiku nikalisikia. Nisamehe, Tusekile. Nimekosa."

"Usiniombe mimi hapa migombani. Kasemee kwenye ukurasa ule ule ulikosemea uongo."

Akaniangalia. "Nifanye nini, mwanangu? Naongea wapi?"

Nikatoa simu, nikaiweka mbele yake, na nikamkumbusha, kwa kuwa ni haki yake, kwamba akinyamaza hakuna atakayemlaumu kisheria na sikio lake litakuwa salama.

"Nimesikia," akasema. "Washa."

Alivua kofia kwanza. Alisema yeye ni Lusubilo Mwangomo, kwamba punje hakuivumbua, kwamba iliundwa na Gwamaka Mwasampeta na Tusekile Kabuje kwenye stoo yake ya mbolea ambayo hata bati hakuitengenezea, na kwamba alilijua hilo siku zote. Aliposema jina la Gwamaka alirudia mara mbili, la pili polepole. Kisha akaniuliza kama kinachoandikwa chini ya picha ni yeye anayechagua.

"Kiapo ni chako, Mzee."

"Basi andika kwamba huyu ni kabati. Wenye vitu ni hao wanaofuata."

"Mzee, hiyo siwezi—"

"Andika!" akasema Mama.

*

Tulifika Mbeya ukuta wa ofisi ukiwa umeshaanza kuwa na rangi ya machungwa. Hakuna aliyekuwa ameondoka. Pilau ilikuwa bado kwenye masufuria kwa kuwa mama wa jikoni alikataa kupakua mpaka ajue kama ni ya sherehe au ya msiba.

Niliandika nikiwa nimesimama. Picha ya Mzee ilibaki juu, kidevu na dhahabu na vyote. Chini yake niliweka sauti yake na maneno yake: Huyu ni kabati. Wenye vitu ni hawa. Chini ya hapo, Mama na Gwamaka na stoo. Halafu, kwa kuwa Mama alisema kama ni ukweli basi uwe wote, niliandika kisa cha nukta, na kwamba waliofanya hivyo hawakuwaambia wateja wao, na kwamba kila mwenye punje ya zamani atabadilishiwa bure, na kwamba picha hii haitashuka hadi wa mwisho wao apate mpya. Bosi yeyote wa mjini angenifukuza kwa kuweka ukurasa wa mbele wa namna ile. Haukuwa wa kisasa hata kidogo.

Msomaji ikaingia. Tuliona mstari wake mwembamba ukishuka ukutani, neno kwa neno. Ukapita kwenye dhahabu, ukasita, ukashuka hadi kwenye sauti ya Mzee, ukapanda tena, ukaendelea. Ukafika kwenye "kabati". Ukasimama.

Swali likatokea ukutani: *Aliyepo pichani ni mtu. Fafanua neno hili.*

"Nilijua!" nikasema. "Niliwaambia neno hili—"

"Ijibu," akasema Bi. Kokubanza, safari hii kwa sauti ndogo kabisa.

Nikaandika kwamba ni kabati kwa sababu alitunza kitu cha watu bila kujua. Mstari haukusogea. *Alitunza nini?*

Mama alininyang'anya kibodi. Aliandika kwa kidole kimoja, polepole, yeye mwanamke aliyeunda punje, akitafuta kila herufi: Masikio yetu.

Mstari ukakaa kidogo pale. Kisha ukashuka, ukapita juu ya Gwamaka na waya wake, ukapita juu ya Mama anayecheka, ukafika chini kabisa ukazimika, na alama ya kijani ikawaka. Kelele zilizopigwa zilisikika hadi barabarani. Mama alikuwa amekaa katikati ya kelele hizo amefumba macho, akizisikia zote.

Mama wa jikoni akaanza kupakua.

*

Kuwafikia wote kulichukua masika na kiangazi chake, zaidi ya alivyokadiria Bi. Kokubanza. Mwalimu wa Vwawa alibadilishiwa, na yule wa Chunya, na wengine waliokuja wenyewe baada ya kusoma kisa kwenye ukurasa, wakicheka, wakiuliza vipimo vyao vilifumwa wapi, kwenye suti au kwenye kidevu. Mjane wa Gwamaka alikuja kutoka Kyela na watoto wake wakubwa. Alisimama mbele ya ukuta muda mrefu, akasema yule bwana alikuwa na tabia mbaya ya kuweka waya mdomoni, na akaomba nimwongezee ukubwa pichani.

Mama aligoma kubadilisha mpaka wengine waishe. Mwishoni wakabaki wawili, yeye na Mzee Mwangomo. Siku aliyokubali kuja maabara, nilimwandalia sherehe ndogo: Mzee angebadilishiwa wiki hiyo hiyo, kisha ningeishusha ile picha, na Mama angebofya kwa mkono wake.

Lakini daktari wa Tukuyu alimpima Mzee, akasema moyo wake hautavumilia kisu, hata kile kidogo. Punje aliyonayo ndiyo atakayokwenda nayo.

Nilimpa Mama habari hiyo nikiwa naogopa. Sikio lake jipya lilikuwa bado na bandeji. Ukurasa mzima wa kwanza wa kampuni, nembo mpya na bidhaa mpya na wateja wa nchi jirani, vyote vikae chini ya yule mtu, kwa ajili ya sikio moja, na sikio lenyewe la nani!

"Ushirika umesema wewe ndiye uamue," nikamwambia.

Aliifikiria ile picha. "Kidevu hicho," akasema. Akainuka kwenda kuinjika chai.

Picha ipo hadi leo. Wateja wapya huniuliza kwa nini tovuti nzuri kama ile inaanza na mzee aliyeshika mbegu, nami huwaambia wasome chini. Na kila asubuhi, kabla ya kitu kingine chochote, Mama hufungua ukurasa wa Tega Sikio, anaangalia kama Mzee yupo mahali pake, kisha anampigia simu Tukuyu kumuuliza jogoo amewika vipi.